Jogoo wa Miwani Nyekundu

Yaya Victorine,

Niko muzima. Gaston wa pikipiki, anayekuletea barua hii, atakuambia namna nimenona hapa Kabambare. Mugongo wa mama umepoa? Umupikie samaki wa Nyangwe.

Unajua zile katuni zangu za kwenye intaneti: Jogoo wa miwani nyekundu anauza mbao za daraja huku anahubiri maendeleo. Mukubwa moja wa hapa aligundua ni mimi ninayezichora. Akaniita, nikaenda nikifikiri atanifunga. Kumbe anafikiri Jogoo ni yule aliyemutangulia kazini! Alicheka mpaka akavua miwani yake nyekundu, akapangusa machozi.

Sasa niko mugeni wake. Ninachora mbele yake, na yeye mwenyewe anaituma michoro kwenye intaneti kwa kutumia simu yangu, ambayo iko mufukoni mwake. Nikiaga, anajibu: "Mugeni hajisindikizi. Nitakufikisha njiani mimi mwenyewe, siku Jogoo atakamatwa." Na wewe unajua, kwetu mugeni akiondoka bila kusindikizwa, amemutukana mwenye nyumba.

Jana nilianza kuchora gereza. Bibi yake, mama Célestine, akaniletea bugali, akaangalia muchoro, akaangalia mulango, akasema polepole: "Mutoto wangu, usimukamate. Siku Jogoo atafungwa, bwana yangu hatacheka tena, na ataona ile miwani."

Umwambie muchumba wangu Sonia asiniwekee chakula. Leo nimemuchora Jogoo anatoroka tena.

Mudogo wako,
Fabrice