Kihisi cha Nane

Mahurunga,
Ijumaa.

Kwa dada yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wote hapo Mikindani. Sisi huku tunapumua. Binti yako Riziki yu hai, mengine nitayaeleza.

Kile chombo ulichokuwa ukikicheka nimekifunga kwenye uzio wa miti, pale wanawake wanapoteka maji mtoni, ili mamba akipenya kengele ilie. Kina vihisi vinane, vidogo kama punje za mahindi. Vinatoa sauti isiyosikika kwa sikio, kisha vinasikiliza mwangwi wake. Mwanzoni kililia bure. Vihisi vyote vilikaa kwenye bati moja, basi kimoja kikitoa sauti, cha jirani kinatetemeka na kudhani kimeona mamba. Umbea mtupu. Nikachanja mifereji kati ya kihisi na kihisi, nikajaza mpira wa kandambili.

Saba vikanyamaza. Cha nane, kinachotazama pembe ya mashariki, kiliendelea kuonyesha kitu kimesimama wima majini, kimo cha mtu mzima, kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulichokoa kwa miti, tukakuta maji matupu. Dada, pembe ile ndipo mama alipochukuliwa na mamba, na saa ndiyo hiyo. Unajua hatukupata chochote cha kuzika. Niliogopa.

Bi Sabina, anayewaongoza akina mama pale mtoni, aliniuliza kama ni salama. Nikamwambia ni umbea wa vihisi umebaki kidogo. Nilimdanganya, dada. Nilijua mwangwi ule hautoki kwa jirani. Nikakizima cha nane, kwa sababu sikutaka mama apigiwe kengele ya mamba.

Jumatano ya wiki iliyopita mamba alipenya pembe hiyohiyo, penye mti uliooza, akainasa kanga ya Riziki. Bi Sabina alimvuta binti, kanga ikaenda, Riziki akabaki na majeraha begani. Kosa ni langu, sina pa kulificha.

Mamba ameuawa, uzio tumeuziba, na kihisi nimekiwasha. Hakuna anayeteka maji pale tena, lakini kengele inalia kila asubuhi, saa ileile. Njoo umchukue mwanao. Mimi usinisubiri, nabaki hapa na kengele yangu; siwezi kumzima mama mara ya pili.

Nisalimie shemeji na watoto, na uniombee radhi kwao.

Mdogo wako mkosefu,
Twahiru