Sauti Zisizotikisa Koo

Bwera, Jumapili baada ya misa

Yaya Marlène, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Wewe na watoto mmeamkaje huko Beni? Mguu wako uliacha kuvimba? Sisi tuko, Mungu anatubeba. Nzanzu anaota meno na silali, basi uvumilie mwandiko wangu.

Jamira, yule anayevusha vitenge kwenye daraja la mpaka, Mpondwe, alinifikishia maneno yako. Unasema wale watu wanaoua wamerudi kwenye mashamba ya kakao, na unataka nikufundishe ile lugha yetu ya kujificha, uwape watoto.

Sikiliza tulivyoitengeneza. Weka kidole kooni, useme "mama". Kinatikisika, eh? Sauti ya hivyo inasafiri. Tukaziondoa zote: m, n, b, l. Marehemu Ezéchiel alikuwa anasimama mbali kati ya kakao, ananipa mgongo, mimi nanong'ona. Sauti aliyoisikia, tuliitupa. S ilitupwa mapema, inachakarisha kama majani makavu. Zikabaki p, t, k, f, na pumzi tu. Pu, lala chini. Ta, usisogee. Kafu, wanapita. Ezéchiel alicheka, ati sasa amepata mke asiyeweza kumgombeza.

Ilitusaidia, sikatai. Siku walipomuua, mimi na binti yetu Benedicte tulilala karibu na miguu yao, hawakutusikia.

Lakini yaya, tulifika Bwera Nzanzu akiwa tumboni, na mpaka leo Benedicte hajatoa sauti. Watoto wenzake masomoni wanamwita Pancha, ati anapuliza kama tairi ya boda. Walipomfuata hadi hapa, Mama Kellen mwenye nyumba aliwafukuza na ufagio, akawaambia pancha ni baba zao. Nilicheka, kisha nikalia.

Nikimwambia kwa Kiswahili kwamba imeisha, ananitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyesahau, ananijibu ta. Nikataka kumwambia kwa lugha yetu. Ndipo nikaona kwamba neno hilo halipo. Tuliweka lala, tuliweka nyamaza, amka na imeisha hatukuyaweka. Nikatunga moja. Mtoto akaenda kusimama kwenye ua wa miti, akanipa mgongo kama baba yake. Nikalinong'ona. Akageuka, akatikisa kichwa. Amelisikia, basi litupwe.

Na hili sijamwambia mtu. Juzi lori lilifunga breki kwa nguvu barabarani. Nzanzu wangu, ambaye hajui hata jani la kakao, akajilaza kifudifudi, akaniambia pu. Ndilo neno lake la kwanza, yaya. Alifundishwa na dada yake.

Kwa hiyo sikufundishi zaidi ya hapo. Ukinikasirikia, unikasirikie ukiwa hapa. Acha maharagwe shambani, funga nguo, Jamira atakuvusha. Chumba ni kidogo, tutabanana. Na watoto usiwanyamazishe njiani. Waje wanalia, waje wanagombana, niwasikie tangu darajani.

Wabusu wote kwa ajili yangu. Benedicte anakusalimu kwa pumzi yake.

Mdogo wako,
Jeanine