Mkono wa Kuazima

Cleveland, 9 Septemba

Kwako dada yangu Belkis,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako linaendeleaje? Na Mama bado anagombana na majirani kwa ajili ya kuku wake? Mimi ni mzima, isipokuwa bega, na habari ya bega ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Daktari amesema basi. Miaka kumi na sita ya kurusha mpira wa besiboli nimewarudisha wapigaji benchi wamejiinamia na magongo yao, na leo hata kikombe cha kahawa kinanishinda kuinua kwa mkono wa kushoto. Kocha, yule mzee mwenye ulimi mkali, alinishika shingo akaniambia, "Shoto, umewatesa watu vya kutosha. Waache nao wapumue." Kisha akajifungia chooni kulia, akidhani sijui. Nami nimelia, Dada.

Klabu yetu ya San Pedro wanataka kuniaga nyumbani ligi itakapoanza. Jezi yangu itatundikwa ukutani, na mtu nitakayemchagua atarusha mpira wa kwanza. Wamenitajia seneta, wamenitajia padri. Nimewakataa wote. Nakutaka wewe.

Najua utasema, "Mtu mzima na makalio yangu haya, nikachekwe na mji mzima?" Najua pia kwamba tangu siku ile Baba alipokutoa mchezoni kwa kukuvuta sikio, eti msichana hachezi na wavulana, hujakanyaga uwanja wowote, hata nilipocheza mimi. Sikulaumu.

Ila kuna jambo hulijui. Waandishi wa habari huniuliza nani alinifundisha, nami huishia kucheka. Dada, mimi sikuzaliwa na shoto. Nakula kwa kulia, na barua hii naiandika kwa kulia. Mwenye shoto ni wewe. Nilikuwa nikisimama nyuma yako pale uchochoroni, ukirusha vifuniko vya madumu ya maji badala ya mpira, na wavulana wakubwa wanapunga mipini ya mifagio hewani bila kugusa kitu. Nilikuwa mdogo, nikadhani watu wote hurusha kwa mkono huo. Nikakuiga, nikazoea. Kila uwanja ulioniinukia kunishangilia, ulikuwa unaushangilia mkono wako.

Wangu umekwisha. Wako haujatumika. Njoo urushe, nitadaka mimi.

Mbusu Mama, na umwombee radhi kwa majirani. Jezi yako imeshashonwa, kiunoni nimewaambia waache nafasi.

Ni mimi mdogo wako,
Sebio