Umeme Niliouficha Ndani ya Bomba

Mpendwa dada,

Shikamoo. Najua safari hii marahaba yako sitaisikia, lakini sikuwahi kuanza kusema nawe bila salamu, na sitaki kuanza leo. Nimezeeka. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Hii ya nne sitaichana, kwa sababu haiji kwako peke yako. Nataka isomwe na kila mtu aliyepata kuchota maji kwenye bomba la kijiji chetu, kisiwani kwetu, upande wa Bweni.

Wasiokujua waambiwe kwanza. Wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipofariki, mimi nikiwa sijaota meno ya pili. Ulinibeba mgongoni ukienda kuokota nazi, na ulikataa posa mbili mpaka nilipoanza shule. Miaka ya Ujamaa ilipokuja na kisomo cha watu wazima, ulikaa kwenye dawati la watoto ukajifunza kusoma, mtu mzima na mtoto wako mgongoni. Kijiji kilipopata mashine ya maji, wakatafuta mtu mwaminifu anayejua kuandika tarakimu. Wakakupa wewe ufunguo. Hakukuwa na mwanamke mwingine kisiwani niliyemsikia akiendesha mashine. Nakumbuka ulivyoufunga ule ufunguo kwenye ncha ya kanga, ukatembea kama mtu aliyebeba yai.

Mimi nilikuwa fundi bara, kwenye bomba kubwa la mafuta. Nilikuja likizo, nikajiona nimejua kila kitu. Mwenyekiti wa kijiji akaniomba niwashe taa zahanati, kwa kuwa wanawake walikuwa wakijifungua kwa kandili. Dainamo ilikuwapo kwenye banda la kukaushia nazi za mbata, karibu na kisima. Waya ndio uliokuwa haba. Umeme unahitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi, na waya niliopewa ulitosha njia moja tu. Nikapata wazo ambalo nililiona la kijanja kupita yote: waya uende, na bomba la maji, kwa kuwa ni chuma, lirudishe. Taa zikawaka. Watu wakapiga vigelegele. Mkunga alilia.

Wewe ulikuwa umesimama kando, mikono ikinuka dizeli. Ukaniuliza, "Mbona naona waya mmoja? Wa pili uko wapi?"

Nikacheka. "Dada, haya mambo ya shule."

Ukasema, "Haya," ukarudi kwenye mashine yako.

Mwaka haukuisha bomba likaanza kutoboka. Halikutoboka kila mahali, lilitoboka kule bondeni linapopita kwenye tope la chumvi karibu na mikoko. Tundu moja, kisha matatu, kisha watu wakaacha kuhesabu. Ulikuwa ukiziba kwa mpira na waya, unarudi umelowa mpaka kiunoni, na kesho yake maji yanachuruzika pengine. Zahanati ikakaa siku tisa bila tone. Ndipo maneno yakaanza. Wengine walisema mwanamke hajui mashine, anasukuma maji kwa nguvu mno. Wengine walitaja neno baya la wakati ule, hujuma. Unakumbuka lilivyokuwa. Mtu akishaitwa mhujumu, hata jirani yake anapita njia nyingine.

Nikaletwa kutoka bara kuchunguza. Nilikuja na kifaa nilichokitengeneza mwenyewe: fimbo ndefu ya mbao, brashi za waya zimezungushwa kila ncha, magurudumu madogo ubavuni. Tulikiita kigari. Kikivutwa ndani ya bomba, brashi zinagusa chuma mbele na nyuma, na kama kuna umeme unaopita kwenye chuma hicho, mita iliyoshikwa nje inaonyesha ni kiasi gani. Fikira yangu ilikuwa nzuri, ila sikujua nitapitishaje kamba ya kukivutia. Nilikaa kutwa nzima nikijaribu kusukuma fito.

Wewe ulikuja ukatazama, ukaenda zako, ukarudi na kipande cha kumbi la nazi ulichokichonga kikawa mviringo, umekifunga mshipi wa kuvulia. "Nifungulie maji kidogo," ukasema. Ukakitia kwenye mdomo wa bomba. Haukupita muda, kikatokea kwenye kiungo cha pili tulichokifungua, mshipi nyuma yake. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Katika ripoti yangu niliandika kwamba mimi ndiye niliyebuni njia hiyo. Hilo nalo nalisema leo.

Tulianza zahanati, tukashuka hatua kwa hatua. Wewe unavuta kamba, mimi nasoma mita, kisha unakuja kuandika tarakimu kwenye daftari lako la kisomo. Nilikuwa nimeomba dainamo iachwe ikiunguruma mchana ule. Juu kwenye zahanati mshale ulisimama wima. Tulipoingia bondeni ukaanza kushuka, na kila tundu tulilolipita ukashuka zaidi. Tulipokaribia banda la mbata ukapanda tena. Kule bara nilikuwa nimefundishwa maana yake: umeme unapoacha chuma na kuingia kwenye udongo wenye maji ya chumvi, unakitafuna chuma pale pale unapotokea.

Nikakupa mita uishike. Nikaenda bandani, nikaizima dainamo, nikakupigia ukelele, "Sasa!" Niliporudi ulikuwa bado umekodolea macho kioo.

"Mshale umelala," ukasema. "Uliposema sasa, umelala kabisa. Ndiyo nini?"

Nikasema, "Bado sijajua."

Nilijua, dada. Nilijua kuliko nilivyopata kujua kitu chochote.

Asubuhi ile ile Bwana Maji wa wilaya alikuwa ameniita pembeni akaniambia jina langu limependekezwa kwenda kusoma nje. Sitaki nimtupie yeye mzigo. Alisema habari njema kwa nia njema. Lakini nilipokaa mbele ya kamati alasiri hiyo, kwenye darasa la shule, wewe umekaa kwenye dawati la nyuma na kanga yako safi, mwenyekiti akaniuliza, "Ndugu fundi, tuambie. Ni mtu au ni chuma?"

Nikasema, "Chuma kina udhaifu wake. Lakini valvu ikifunguliwa kwa ghafla, maji yanapiga bomba kama nyundo. Bomba haliwezi kuvumilia."

Sikukutaja jina. Nilijidanganya miaka mingi kwamba kwa kuwa sikukutaja jina, sikukusingizia. Lakini mle ndani wote walijua valvu inafunguliwa na nani. Vichwa viligeuka nyuma kimoja baada ya kingine.

Mwenyekiti akasema, "Dada, una la kusema?"

Ulinitazama mimi. Wao hukuwatazama. Kisha ukafungua ncha ya kanga, ukaweka ufunguo juu ya dawati, ukasema, "Mashine haipendi dizeli yenye maji. Atakayeshika achuje kwanza." Ukatoka.

Kesho yake nikajidai natengeneza taa, nikakikata kile kiungo cha umeme na bomba. Waya wa pili nilioagiza bara ukaja, nikaufunga. Tukabadilisha vipande vilivyoliwa. Bomba halikutoboka tena. Na huo ndio ubaya ulionimaliza, kwa kuwa watu walisema: si mnaona? Alipoondolewa yeye, bomba limepona. Matengenezo yangu ndiyo yaliyokuwa ushahidi wa kukutia hatiani. Watoto wakakutungia nyimbo kisimani. Mkunga peke yake ndiye aliyeendelea kukuita kwa heshima. Ulivumilia masika moja, ukafunga vitu vyako, ukahamia kisiwa cha Chole kwa binti yako mkubwa, Zuhura, aliyeolewa huko, ukawa unasuka ukili wa mikeka.

Mimi nikaenda kusoma. Nikarudi na cheti na suti.

Nilikuja Chole mara moja tu kwa nia ya kukiri. Ulikuwa umekaa barazani, miyaa ya kusukia imekuzunguka. Ukanitengea ubwabwa kwa samaki, ukaniuliza habari za mke wangu, ukaniambia nimekonda. Nikashindwa kula. Nikasema, "Dada, lile bomba…"

Ukanikatiza. Hukupandisha sauti. "Nilijua siku ile ulipozima dainamo. Mimi si mjinga. Mshale nilikuwa naushika mimi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Wangeniambia namsukumia mdogo wangu kosa langu. Na kama wangeniamini? Wangekuchukua wewe. Mtoto niliyemtafunia chakula kwa meno yangu, nimpeleke mimi polisi?" Ukaendelea kusuka. "Nilikuwa nakungoja wewe. Nilipokutazama pale darasani, nilikuwa nakungoja."

Nikalia. Nikakuahidi. "Nikitoka hapa nitapita kijijini, nitawaambia."

"Usiseme utawaambia," ukasema. "Waambie."

Nilipita kijijini. Nikamkuta mwenyekiti, akanikumbatia, akanionyesha bomba linavyotoa maji, akaniita mhandisi wetu mbele ya vijana. Tukanywa kahawa. Nikaondoka sijasema kitu. Kule bara nilijiambia mwakani, kisha nikajiambia watoto wakimaliza shule, kisha nikajiambia watu wameshasahau, ya nini kuwakumbusha. Wewe hukunitumia neno. Salamu tu, kwa yeyote aliyekuwa anavuka.

Simu ya maandishi kutoka posta ilinifikia ukiwa umeshazikwa.

Siku ya hitima, baada ya dua, nikasimama. Wengi wa kijiji walikuwa wamevuka kuja, maana mtu akifa husamehewa hata asilolifanya. Nikasema yote: waya mmoja, dainamo, mshale, kamati. Mwanamke mmoja, aliyekuwa akikuimba kisimani enzi hizo, akajifunika uso akatoka. Mwenyekiti alikuwa kikongwe, haoni vizuri. Akageuza uso upande wa sauti yangu.

"Miaka yote hii," akasema, "kwa nini hukusema akiwa hai?"

Mpaka leo natafuta jibu lenye heshima kidogo, sijalipata. Niliogopa, nikanufaika na woga wangu, nikauzoea.

Nilimfuata Zuhura jikoni nikamtaka radhi. Alikuwa anaosha sinia. Hakunipa mkono wala hakunitukana. "Mjomba," akasema, "mimi sina cha kukusamehe. Aliyekuwa nacho tumemzika. Lakini waliomsema mama hawakuja wote hapa. Wengine wamehama, wengine wamewasimulia watoto wao. Hao nao utawafuata?"

Ndiyo maana naandika hivi wazi. Siwezi kuwafuata wote, miguu haina nguvu, lakini karatasi inaweza kufika. Atakayeisoma na amsomee asiyejua kusoma, na kama kuna nyumba ambayo bado watu wanasimulia juu ya mwanamke aliyeharibu bomba, wasomewe mara mbili.

Dada, sikuombi msamaha. Ulinipa muda wa kuuomba, ukanitengea na chakula, nikautupa. Nasema tu maneno uliyoyangoja pale darasani, ambayo yangechukua pumzi moja tu: dada yangu hana kosa, aliyeliharibu bomba ni mimi.

Mola akulaze mahali pema, akupe nuru isiyohitaji waya.

Ni mimi, mdogo wako uliyemlea.