Ngazi Tatu Bila Kushikwa

Jumatatu, 3 Machi

Mazoezi saa tatu asubuhi. Kusimama mara kumi, kukaa mara kumi. Goti la kulia linatetemeka. Nilifika saba nikaanguka kitini puu. Mutua, kijana wa fizio, akasema saba si haba. Nikamwambia jikoni kwangu saba kwa kumi ni ugali mbichi. Nimepikia wasichana wa bweni kule Thika tangu ujanani hadi kustaafu na sikuwahi kupeleka sufuria mezani ikiwa mbichi.

Yeye ndiye ameniagiza niandike kila nikiweza, kwa huu mkono wa kulia ulioguswa na kiharusi. Mistari mitano, hata ya upuuzi. Anataka kuona mwandiko tu. Nitamwonyesha kwa mbali. Maneno ni yangu.

Mkono unauma. Basi.

Jumatano, 5 Machi

Wanjiku, msichana anayetuhudumia, amenilisha tena. Nilikuwa nimeshika kijiko mwenyewe. Kikafika nusu ya njia, uji ukamwagika kidevuni. "Woiye, shosho!" Kijiko kikanyakuliwa.

Mimi si shosho wake, si bibi yake. Kwetu Bungoma ningeitwa kukhu, na hapa Ruiru, kwenye nyumba ya wazee, naitwa Mama Wafula. Nimemwambia mara ngapi?

Msichana ni mzuri, na hilo ndilo baya. Angekuwa mkali ningejua la kufanya naye. Ananivalisha, ananifunga vifungo, ananifuta mdomo kabla haujachafuka. Mutua huja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja tu, kuufundisha mkono kazi. Saa zote zinazobaki Wanjiku anaufundisha kulala.

Mgonjwa haulizwi uji, wanasema. Mimi naomba niulizwe.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao. Matron, Mutua, na mwanangu Wafula aliyetoka mtaa wa Kahawa Sukari na tai yake ya kazini. Wameniongelea nikiwa hapo hapo, kama gunia la maharagwe.

Uamuzi: Ijumaa tarehe 28 nitapimwa. Nikiinuka kitini peke yangu, nikatembea na fremu hadi mwisho wa veranda, nikapanda ngazi tatu bila kushikwa na mtu, narudi nyumbani kwangu Kiganjo. Nikishindwa nabaki hapa, na nyumba yangu inawekwa mpangaji.

Ni ngazi tatu kwa sababu mlango wangu una ngazi tatu. Marehemu baba Wafula alizijenga mwenyewe, na ya katikati imepinda. Mutua alienda Kiganjo kuzipima. Hakuna aliyemtuma. Nikampenda hapo.

Wafula akaniuliza, "Lakini mama, kwani hapa unakosa nini?"

Nikahesabu siku kwa vidole: ishirini na moja. 

Jumatano, 12 Machi

Ngazi moja! Ile ya mbao ya mazoezi. Mguu mzima unapanda kwanza, mgonjwa unafuata. Kushuka, mgonjwa unatangulia. Nikiyumba nisimame pale pale, nipumue, nihesabu hadi tatu. Kuyumba si kuanguka, Mutua anasema. Yeye husimama kando, mikono wazi, hanigusi. Jasho lilimtoka kuliko mimi.

Nimecheka leo. Niandike, nisije nikasahau.

Jumapili, 16 Machi

Akina mama wa kanisa wamekuja na chapati. Wamezikata vipande vidogo vidogo wakanitia mdomoni kwa zamu, wakiimba. Mama Protus alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi uani, na miguu yangu nilikuwa nayo. Nikasema nitembee. "Pumzika, mama, umefanya kazi ya kutosha." Wakaomba Mungu aniinue. Nami nilikuwa nataka kuinuka, wao ndio walikuwa wamenikalia njiani!

Nina hasira hadi meno yananiuma.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimemfokea Wanjiku. Alinivua soksi nikiwa nimeshaivuta moja hadi nusu, dakika kumi za kazi. Nikamwambia ananiua kwa huruma. Nimesema vibaya zaidi ya hivyo, sitaandika.

Akalia. Akasema nyumbani kwao ukimwona mzee anahangaika ukamwangalia tu, wewe si mtu. Mama yake angemchapa.

Nilitaka kumjibu. Nikakumbuka mama mkwe wangu.

Alikuja kukaa kwetu Kiganjo baada ya kuvunjika nyonga. Siku ya kwanza alishika mwiko asonge ugali. Nikamnyang'anya. Nikamwambia kaa, mama, mimi nipo. Akashika ufagio, nikachukua. Akataka kuchambua mboga, nikasema utachafua mikono. Nikamweka kwenye kochi karibu na dirisha. Majirani wakanisifu, eti mkamwana wa kweli. Baada ya mwaka hakuweza kusimama. Nilimlisha kwa mkono huu huu. Alikuwa anafungua mdomo kila nilipoleta kijiko, nami nikadhani ni shukrani.

Hakunipigia kelele hata siku moja. Laiti angenipigia.

Mkuki kwa nguruwe.

Jumatatu, 24 Machi

Ngazi tatu. Nimeyumba kwenye ya pili, nikahesabu, nikaendelea. Mutua akapiga mluzi. Nikarudia. Ngazi tatu tena.

Nimemwambia Wanjiku asiniguse hadi Ijumaa. Anajaribu. Wakati wa chakula anaweka mikono chini ya aproni. Githeri, mahindi na maharagwe, imeniangukia mapajani, akaguna "woi", akajiuma mdomo. Chakula kimechukua saa nzima na zaidi. Kilikuwa baridi. Nilikula chote.

Alhamisi, 27 Machi

Nimefunga vifungo vyote mwenyewe, vitano. Kimoja kimeingia tundu lisilo lake. Nimekiacha.

Naogopa. Si kuanguka. Naogopa kochi lile na dirisha lile.

Kesho jioni nikiwa Kiganjo nitasonga ugali, hata kama ni wa donge moja.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeinuka. Peke yangu, kwa jaribio la kwanza.

Nimetembea veranda yote. Matron na fomu yake, Mutua kando yangu, Wafula mbele penye ngazi, akina mama wa kanisa wamejipanga ukutani kama harusini. Wanjiku nyuma na mikono chini ya aproni.

Ngazi ya kwanza. Ya pili. Hapo nikayumba, nikasimama kama nilivyofundishwa. Nikapumua. Moja. Mbili.

Wafula akaruka. "Mama! Pole, mama!" Akanidaka kwapani, akanibeba. Mtu mzima, mama wa mtu, nimebebwa kama mtoto wa chekechea mbele ya kanisa. Akina mama wakapiga makofi. Wakamsifu YEYE. Eti huyo ndiye mtoto.

Mutua akasema hakuwa anaanguka, arudie. Wafula akakataa, analia machozi ya kweli. Hawezi kumtazama mama yake akiteseka. Matron akasema mama amechoka, akaandika "alisaidiwa". Neno moja.

Nilipiga kelele. Waliniletea chai.

Jumatatu, 31 Machi

Mutua ameomba nipimwe tena. Matron anasema ni sawa, familia ikikubali. Familia ni Wafula. Wafula amesema kwa simu mama asisumbuliwe. Funguo za Kiganjo ameshampa mwalimu mmoja na familia yake. Jumamosi. Hata siku mbili hakungoja.

Hakuniuliza. Nani humwuliza mgonjwa.

Sikufanya mazoezi. Mutua alikaa tu kando ya kitanda saa yake yote, kofia mkononi. 

Alhamisi, 3 Aprili

Siku tatu nimelishwa. Nafungua mdomo, nafunga. Ni rahisi mno, hiyo ndiyo siri yake.

Leo Wanjiku alisimamisha kijiko hewani. Akauliza, "Mama Wafula, unataka nikulishe au nikuachie?" Mara ya kwanza kuniita hivyo. Mara ya kwanza mtu kuniuliza ninachotaka tangu niingie hapa.

Nikasema twende kwenye ngazi.

Hakuweza kutazama. Akageuka uso ukutani, akafunika macho kwa aproni, kila nikikanyaga anamwita Mungu, "Ngai, Ngai". Moja. Mbili. Nikayumba. Nikahesabu hadi tatu, nikaimaliza hesabu safari hii. Ya tatu.

Nikasimama juu. Hakuna fomu, hakuna matron, na shahidi wangu wa pekee ameangalia ukuta. Basi nikageuka, nikashuka. Mguu mgonjwa unatangulia.

Jumapili, 6 Aprili

Wafula amekuja baada ya kanisa. Ameleta ugali na mboga ya mrenda, mke wake amepika. Ugali ulikuwa umeiva, sina lawama.

Akavuta kiti. Akamega tonge, akalichovya, akalileta mdomoni mwangu.

Sikufungua.

Akangoja. Mkono wake ukaanza kuchoka, nikauona unashuka kidogo kidogo. "Mama, kula." Nikamwangalia. Mama wa baba yake alinitazama hivyo hivyo siku ya mwiko, na mimi sikuelewa. Sikumwambia Wafula. Hakumbuki, alikuwa mdogo. Anachokumbuka ni mama yake akimlisha bibi, na watu wakisifu.

Akaliweka tonge kwenye sahani.

Nikanyoosha mkono wa kulia. Tonge la kwanza lilianguka kwenye shuka. Akainua mikono. Nikasema, "Ikalie hiyo mikono." Akakalia mikono yake, mtu mwenye tai, akatazama nje dirishani. La pili likafika.

Tulikaa hivyo mchana mzima. Hakusema lolote kuhusu Kiganjo, nami sikuuliza. Chakula kilipoa. Mrenda ulinitiririkia hadi kwenye kiwiko.

Nilimaliza. Alipoondoka hakuniaga kwa mkono. Mikono ilikuwa imemfia ganzi yote miwili.