Ulimi Wangu na Sufuria ya Watu Mia Moja na Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu mazito, manyunyu tangu alfajiri. Wiki ya saba baada ya mshtuko wa moyo. Kifungua kinywa: uji wa shayiri bila chumvi, nusu parachichi, ndizi moja. Uzito kilo 78. Zimepungua tano.

Leo nimerudi kazini. Binti yangu amenisindikiza hadi geti la kiwanda kama mtoto wa chekechea. Orodha ya daktari ameibandika kwenye friji, nakala ameichomeka kwenye mkoba wangu: chumvi kiduchu, vya kukaanga marufuku, mboga, samaki, matunda. Nikamwambia nimepika miaka kumi na tisa, hayo nayajua. Akasema, uliyajua hata kabla hujaanguka, mama.

Jikoni sijasahaulika. Msaidizi wangu — tunamwita Madoido, kwa jinsi anavyofunga kilemba — amenikumbatia kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umeshika mwiko wangu. Nimeuchukua.

Jumanne, 4 Machi

Jua kali mapema. Jioni Dada amepita na boksi la nyama ya kukaanga.

"Kidogo hakiui, mdogo wangu. Majani asubuhi, majani jioni, umekuwa mbuzi?"

Nikamwambia sijasikia mbuzi aliyelazwa kwa moyo. Boksi limerudi lilikotoka. Mume wangu alilisindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Maskini, tangu nitoke hospitali anakula ninachokula, na hajalalamika. Kwa mdomo.

Watu husema mtu mzima amekula chumvi nyingi. Mimi nilikula kweli, siku tisa za kulazwa ndizo ushahidi.

Jumatano, 5 Machi

Upepo na vumbi. Siku mbaya.

Maharage yangu ya kwanza tangu nirudi, ya watu mia moja na arobaini. Chumvi sipimi, sijawahi kupima. Naonja mara tatu, tone kwenye kiganja: yakichemka, yakiiva, kabla ya kupakua. Ulimi ndio mizani yangu. Leo nilipoonja mara ya kwanza, inatosha. Mara ya pili, imezidi! Nikaongeza maji. Madoido alinitazama.

Saa saba sahani zikaanza kurudi. Fundi mitambo akasimama dirishani: "Mama Mpishi, haya umetupikia sisi au wodi?" Ukumbi mzima ukacheka. Sahani 61 zimerudi hazijaliwa hata nusu. Nimezihesabu mwenyewe.

Nimeelewa nikiwa njiani kurudi nyumbani. Chumvi haikuzidi. Ulimi wangu ndio uliobadilika. Wiki saba nimeuzoesha kula bila chumvi, sasa punje mbili tu unaona bahari. Nimeutibu moyo, nikaharibu mizani.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi tulivu, ukungu kidogo.

Meneja ameniita. Ameongea kwa upole, na hapo ndipo palipouma. Kesho atakula ukumbini yeye mwenyewe. Sahani zikirudi tena, jiko linashikwa na Madoido, mimi nahamia stoo ya vyombo, "upumzike kidogo, mama". Nipumzike! Nilishapumzika siku tisa, mipira puani.

Madoido alinivuta pembeni, akaninong'oneza. Kula chumvi leo, dada, ulimi urudi, hata kwa siku moja. Nadhani alikuwa na nia njema. Nikamwambia ulimi ukirudi ulikotoka, na moyo utaufuata. Moyo sitoi. Mwiko sitoi. Atafute kitu cha tatu cha kuniomba.

Nyumbani saa kumi. Nimepika sufuria mbili, maharage ya watu saba kila moja. Chumvi binti ameitoa alikoificha, nimeipima kwa kijiko, mara ya kwanza maishani mwangu. Ya kwanza vijiko vitatu vya chai, ndiyo kawaida ya kiwandani kwa makadirio yangu. Ya pili viwili, lakini nimeitia kitunguu saumu, nyanya za kuchoma, bizari niliyoikaanga kavu, na ndimu mwishoni.

Mume wangu akaonja ya kwanza, akakunja uso. Chumvi kali hii! Ya pili akaisifu. Binti vilevile. Nikafurahi — halafu nikakaa chini. Hawa nao wamekula chungu changu tangu nitoke hospitali. Nyumba nzima haina ulimi wa kiwandani.

Nikampigia Dada.

Amefika saa kumi na mbili, ushindi umemjaa usoni. "Umeona? Nimeitwa." Sikumwambia ipi ni ipi. Akaonja ya kwanza: "Mm. Maharage." Akaonja ya pili. Akaonja tena, akavuta bakuli karibu. Mimi nimesimama na kalamu.

"Chakula hiki kina kasoro moja," akasema.

"Gani?"

"Kidogo."

Amekula mpaka chini, akaondoka na kilichobaki kwenye boksi lake lile lile. Mlangoni akageuka: "Kwani ya wagonjwa ilikuwa ipi?" Nikamwambia teremka ngazi taratibu, kuna giza.

Nimezidisha mara ishirini. Vijiko arobaini, siyo sitini. Nimevifunga kwenye mfuko, mafundo mawili. Ufunguo wa kabati la chumvi la kazini nimempa binti aufiche pamoja na ile chumvi anayonificha. Kesho mbele ya meneja mkono usije ukaongeza. Maharage nimeyaacha kazini yamelowekwa. Dawa nimekunywa.

Saa tatu na robo nimezima taa.

Nimewasha tena. Ndimu thelathini, kabla ya zamu, zisisahaulike. Na kesho sionji. Atakayeonja ni Madoido, mwenye ulimi wa kiwandani, mbele ya watu, na aseme kwa sauti. Sasa nalala. Saa nne kamili.