Leo Felista Alisimama Peke Yake

Baraka, tarehe saba, mwezi wa tatu. Mvua tangu asubui, na moyo yangu vilevile.

Perpetua mutoto yangu, baba yako anakusalimia, na mugongo wake wa kuuma. Shangazi yako wa Nundu anakusalimia. Felista, pacha wako, anakusalimia. Na mutoto wako Riziki anakusalimia: ameanza kutembea. Mi njo anaita mama.

Leo njo sikukuu yenu. Nilibazaa siku ya batakatifu babili, Perpetua na Felista, basi majina hatukutafuta mbali. Kila mwaka mulisimama pamoja kanisani, na we ulikuwa unachokoza mwenzako: "Mi njo wa kwanza kwa kalendari, we fuata nyuma!"

Mwaka unaisha tangu uende kuuza chakula Misisi. Mvua ikaangusha udongo kwenye mashimo ya zahabu ya kule. Benye balirudi, kila mutu anasema yake. Hakuna mwenye alikuona. Hakuna mwenye alikuzika.

Mbele misa ianze, katekista anaandika karatasi mbili: moja ya bazima benye batabarikiwa, ingine ya bale balikufa, bafu benye tunaombea. Aliniuliza polepole: "Mama, Perpetua nimutie wapi?"

Felista akarukia: "Kwa bazima, mwalimu! Ule mukaidi hawezi kufa ovyo."

Mi nikasema: kwa bafu.

Nilichoka, mutoto yangu. Ni kuchoka tu.

Kisha katekista akasoma maisha ya bale batakatifu. Perpetua kwenye gereza na mutoto wa kunyonya, Felista naye akazalia mulemule. Bakauliwa wote babili kwa ajili ya imani, batoto bakabaki kwa mikono ya bengine. Miaka yote nilisikia ile habari na kiburi. Leo Riziki alikuwa kwa mugongo wangu, analala, na sikuweza kuinua kichwa.

Bakaita majina ya bazima. Felista alisimama, akaangalia pembeni, kama anangoja mwenye anatangulia. Kisha jina yako ikasomwa pamoja na ya bafu. Batu bakajibu, "Apumzike kwa amani."

Mi sikujibu.

Tangu pale Felista haniongeleshi. Ana haki.

Tumaini sina, nisikudanganye. Lakini huu ukurasa wa mutandao ulinifungulia we mwenyewe kwa telefone, labda siku moja utaufungua. Ukisoma, tuma neno mbio, mbio sana. Hata moja. Hata kama ni tusi, kwa mama mwenye alikuandika kati ya bafu nawe ungali muzima.